Kuanza Uchapaji wa Sablimesheni kwa Printa ya Wino

Anayetaka kuanza uchapaji wa sablimesheni, yaani kuchapa picha kwenye karatasi kisha kuihamishia kwenye kitambaa au kikombe kwa kubana kwa joto, huuliza kwanza anunue printa gani, na swali hilo linaeleweka, kwa sababu printa ndiyo mashine inayoonekana na ndiyo inayotangazwa. Hata hivyo, katika kazi hii printa hufanya nusu tu ya uchapaji, tena nusu iliyo nyepesi. Wino wake haukukusudiwa kubaki kwenye karatasi. Karatasi huupokea, huutunza kwa muda, kisha huuachilia joto linapoufikia, na picha yenyewe hutokea ndani ya kitambaa au juu ya kikombe wakati mashine ya joto imefungwa na hakuna anayeona kinachoendelea. Ndiyo maana ninashauri mtu apange mambo kuanzia mwisho kuja mwanzo: achague kwanza vitu atakavyovichapa, kisha mashine ya joto inayovifaa, kisha wino na karatasi, na uamuzi wa printa uje baada ya hayo yote. Anayeufuata mpangilio huu hununua vitu vichache zaidi, na kila anachonunua huwa na kazi.

Rangi inayogeuka gesi

Rangi zilizomo katika wino huu ni za kundi lisiloyeyuka majini. Zilibuniwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya nyuzi za asetati ya selulosi, ambazo zilikuwa zikizikataa rangi zilizozoeleka za pamba na sufu. Poliesta ilipovumbuliwa nchini Uingereza mwaka 1941 na J. R. Whinfield na J. T. Dickson, rangi hizohizo zilionekana kuifaa, kwa kuwa nayo ni nyuzi isiyopenda maji. Kutoka hapo hatua ya kuzichapa kwenye karatasi na kuzihamisha kwa joto haikuwa mbali, na anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Mfaransa Noël de Plasse, aliyeifanyia kazi katika miaka ya 1950. Printa ndogo za mezani ziliingia katika habari hii miaka mingi baadaye, na zilichofanya ni kumwezesha mtu mmoja kufanya kwa karatasi moja kazi iliyokuwa ikihitaji kiwanda na mitambo ya rola.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya wino, rangi ni chembe ndogo mno zinazoelea katika maji, zikizuiwa na kemikali maalumu zisishikane. Printa inapochapa, maji hukauka na chembe hubaki juu ya karatasi. Karatasi hiyo ikiwekwa juu ya poliesta na kubanwa kwa joto la nyuzi 190 hadi 205 za Selsiasi, chembe hugeuka gesi moja kwa moja bila kupitia hali ya kimiminika. Wakati huohuo poliesta nayo hubadilika. Kuanzia karibu nyuzi 70 au 80 minyororo ya molekuli zake huanza kulegea, na inapofika karibu na nyuzi 200 huwa imelegea kiasi cha kuiruhusu gesi ya rangi ipenye ndani, ilhali bado iko mbali na joto linalokaribia nyuzi 260 ambalo lingeiyeyusha. Joto linapoondolewa, minyororo hukaza tena na rangi hubaki imefungiwa ndani ya uzi wenyewe. Ndiyo sababu picha ya sablimesheni haina unene unaohisiwa kwa vidole, haipasuki kitambaa kinapovutwa, wala haibanduki kwa kufuliwa, kwani juu ya kitambaa hakuna tabaka lolote la kubanduka.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa makusudi. Masharti ya uchapaji huu huonekana kama orodha ndefu ya makatazo yasiyohusiana, lakini karibu yote yanatokana na mambo mawili, kwamba rangi inasafiri ikiwa gesi na kwamba poliesta ndiyo inayoipokea. Aliyeyashika hayo mawili anaweza kukisia mwenyewe kitakachotokea kabla hajaharibu kitambaa.

Chukua mfano wa pamba. Nyuzi zake hazina mahali pa kuipokea rangi hii, kwa hiyo fulana ya pamba ikibanwa huonyesha picha iliyofifia, na kwa kufuliwa mara chache sehemu kubwa ya rangi huondoka na maji. Kitambaa cha mchanganyiko kinashika kwa kadiri ya poliesta iliyomo: chenye poliesta asilimia 65 kitatoa picha iliyopoa, kama ya nguo iliyokwisha kuvaliwa sana, na wapo wanaoupenda mwonekano huo na kuutafuta kwa makusudi. Kwa rangi kali na zilizoshiba, poliesta iwe asilimia 100 au karibu sana na hapo.

Au chukua suala la rangi ya kitambaa chenyewe. Rangi za sablimesheni hupitisha mwanga, nazo huongezwa juu ya rangi iliyokuwapo bila kuifunika. Seti ya wino haina wino mweupe, na weupe wote unaouona katika picha iliyokamilika ni weupe wa kitambaa. Picha ikiwekwa juu ya kitambaa cha njano, kila buluu itaelekea kijani. Ikiwekwa juu ya kitambaa cheusi, haitaonekana kabisa. Anayetaka kuchapa hasa fulana nyeusi za pamba anapaswa kuambiwa mapema kwamba njia hii si yake, na kwamba iko njia ya kuchapa kwenye filamu kwa wino wa pigimenti wenye nyeupe chini yake, kisha kuigandisha filamu hiyo kwa unga wa gundi na joto. Ni njia nzuri kwa kazi yake, lakini ni mashine nyingine na wino mwingine.

Vitu vigumu navyo vinafuata kanuni hiyohiyo. Kauri, alumini, kioo na mbao zilizoshindiliwa haziipokei rangi hii zenyewe, kwa hiyo hupakwa kiwandani tabaka jembamba la polima linalofanya kazi ya poliesta. Kikombe cheupe cha kawaida kilichochukuliwa kabatini hakitashika picha hata kikibanwa kutwa nzima. Ubora wa picha kwenye kikombe unategemea ubora wa tabaka hilo kuliko kitu kingine chochote, na tofauti kati ya kiwanda kimoja na kingine ni kubwa. Kabla ya kununua vikombe kwa wingi, nunua vichache kutoka kwa wauzaji mbalimbali, uvibane kwa vipimo vilevile, kisha uvioshe mara nyingi na kuvilinganisha.

Kichwa cha printa

Kichwa cha printa ni sehemu inayorusha matone ya wino, nacho hufanya hivyo kwa njia kuu mbili, na ni moja tu inayotufaa. Katika njia ya kwanza, inayotumiwa na printa nyingi za HP na Canon za nyumbani, kila tundu la wino lina kijipasha joto kinachochemsha tabaka dogo la wino kwa muda mfupi mno. Kiputo cha mvuke hutokea na kusukuma tone nje. Njia ya pili hutumia kauri ya piezo, ambayo ikipewa umeme hujipinda kidogo na kulisukuma tone bila joto lolote. Epson na Brother hutumia piezo katika printa zao za wino. Wino ambao rangi yake imeundwa ili ibadilike kwa joto haupaswi kupitishwa katika kichwa kinachofanya kazi kwa kuuchemsha, kwani mabaki yake huganda juu ya vijipasha joto na kuviharibu. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu printa yoyote ni kama kichwa chake ni cha piezo. Ikiwa sivyo, hakuna sababu ya kuendelea kuijadili.

Ukishapita hapo, njia zinagawanyika. Ipo printa iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hii tangu kiwandani, kama SureColor F170 ya Epson au SG500 ya Sawgrass, ambayo inakuja na wino wake, programu yake na dhamana inayoitambua kazi hiyo. Na ipo printa ya ofisini yenye matangi ya kujazwa, kama zile za familia ya EcoTank ya Epson, ambayo mnunuzi anaijaza wino wa sablimesheni badala ya wino uliokuja nayo. Njia ya pili ni nafuu zaidi mwanzoni na wengi wameanza nayo, lakini mtu aichague akijua anachokiacha: kwa kawaida mtengenezaji hataitambua dhamana baada ya hapo, na shughuli yote ya kurekebisha rangi inakuwa juu ya mwenye printa. Kwa anayetegemea kazi hii kwa riziki tangu siku ya kwanza, na asiyependa kushughulika na mipangilio ya kompyuta, ninapendekeza printa iliyotengenezwa kwa ajili yake. Kwa mwenye subira na nafasi ya kujifunza, printa ya matangi iliyojazwa vizuri inatoa kazi isiyo na kasoro.

Kama ni ya kujazwa, iwe mpya, na wino wa kwanza kuingia ndani yake uwe wa sablimesheni. Wino wa kawaida ukishapita katika mirija na kichwa, kuutoa wote ni kazi ndefu, na kiasi kidogo kinachobaki kitaendelea kuchafua rangi kwa kurasa nyingi. Baada ya hapo printa hiyo isirudishwe kwenye kazi ya barua na hati. Iwe ya sablimesheni peke yake mpaka mwisho wa maisha yake.

Adui mkubwa wa printa hizi ni kukaa bila kazi. Kwa kuwa chembe za rangi zinaelea tu majini, wino ukitulia muda mrefu chembe huzama, na wino uliokauka kwenye matundu huyaziba. Chapa ukurasa mdogo wenye rangi zote angalau mara moja kwa wiki, hata kama hakuna agizo lolote. Kabla ya kila kazi kubwa chapa ukurasa wa kukagua matundu, kwa maana mstari mmoja unaokosekana, ambao kwenye karatasi hauonekani kwa urahisi, utajitokeza waziwazi kwenye fulana. Kusafisha kichwa kwa amri ya printa kunasaidia, ila kusifanywe mfululizo bila kikomo: kila usafishaji humwaga wino kwenye sponji iliyo ndani ya printa, na sponji hiyo ikijaa printa hukataa kufanya kazi mpaka ibadilishwe. Chumba chenye hewa kavu kupita kiasi huongeza kuziba, na chenye unyevu mwingi huharibu karatasi. Unyevu wa wastani, karibu asilimia 40 hadi 60, unafaa vyote viwili.

Kuhusu karatasi sina mengi. Nunua karatasi iliyotengenezwa kwa sablimesheni, ichapwe upande wenye mpako, ambao kwa kawaida ndio mweupe zaidi, na ihifadhiwe katika mfuko uliofungwa. Karatasi ya kawaida hunywa wino na kubaki nao, na hata joto linapokuja huuachilia kwa uchache. Zipo pia karatasi zenye gundi hafifu inayoamka kwa joto, nazo ni nzuri kwa nguo za michezo zinazovutika, lakini hazifai kwa vitu vigumu kama vikombe.

Rangi za skrini na rangi za kitambaa

Anayechapa kwa mara ya kwanza hushtuka kuona karatasi ikitoka na rangi zilizopauka, nyeusi ikiwa ya kijivu na nyekundu ikiwa imefifia. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, na rangi zisihukumiwe zikiwa bado kwenye karatasi. Rangi hizi hufikia ukali wake zikishaingia ndani ya poliesta. Ukianza kuongeza wino kwa sababu karatasi imekuonyesha picha hafifu, utapata fulana iliyokolea kupita kiasi na kingo zilizovuja.

Hilo halimaanishi kwamba rangi zitajipanga zenyewe. Printa iliyojazwa wino mwingine bado inaamini kwamba ina wino wake wa kiwandani, na inachanganya matone kwa hesabu za wino ule. Matokeo yake ni ngozi za watu zenye wekundu au ukijani usio wao, na nyeusi inayoelekea kahawia. Dawa yake ni profaili ya rangi ya ICC, yaani faili linaloieleza kompyuta jinsi wino fulani, kwenye karatasi fulani na kutoka kwa printa fulani, unavyoonekana ukishabanwa. Muuzaji mzuri wa wino huitoa profaili hiyo pamoja na chupa, na kwangu mimi hicho ni kigezo kikubwa cha kuchagua wino: chupa isiyo na profaili, hata ikiwa ya bei ya chini, inamwachia mnunuzi kazi ya kubahatisha.

Profaili hutumika mahali pamoja tu. Ukiiweka katika programu ya kuhariri picha, zima urekebishaji wote wa rangi katika mipangilio ya printa. Ukiiacha printa nayo irekebishe, picha itarekebishwa mara mbili na matokeo yatakuwa mabaya kuliko kama usingegusa chochote. Chagua aina ya karatasi isiyong'aa na ubora wa juu, kisha usivibadilishe hivyo tena, kwa sababu aina ya karatasi unayoitaja ndiyo inayoamua kiasi cha wino kitakachomwagwa, na profaili ilitengenezwa kwa kiasi kimoja. Picha iandaliwe kwa ukubwa itakaochapwa nao na kwa ujazo wa nukta 300 kwa inchi. Na igeuzwe kushoto kuwa kulia kabla ya kuchapwa, kama inavyoonekana kwenye kioo, kwa sababu karatasi italala kifudifudi juu ya kitambaa na maandishi yatarudi kusomeka yakishahamia huko.

Mashine ya joto

Hapa ndipo ninapomtaka anayeanza aweke uangalifu wake na sehemu kubwa ya fedha zake. Kinachotakiwa ni joto lililo sawa kila mahali, kwa muda unaojulikana, chini ya mgandamizo usiobadilika, na pasi ya nguo haiwezi kutoa hata kimoja kati ya hivyo. Ina sehemu za moto na za baridi, ina matundu ya mvuke, na inapaswa kusogezwa, na kila inaposogezwa karatasi nayo husogea na gesi hutua mahali pasipo pake. Mashine bapa inayobana fulana nzima kwa wakati mmoja ni mahali pazuri pa kuanzia. Vikombe vinahitaji mashine yake ya kuvizungushia joto.

Kioo kidogo cha namba kilicho juu ya mashine husoma joto la sehemu moja tu, pale kilipo kihisio. Pima mwenyewe pembe zote na katikati, kwa vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi kwa joto au kwa kipimajoto cha kugusa. Mashine za bei ya chini mara nyingi zina eneo ambalo liko chini ya mengine kwa nyuzi kadhaa, na eneo hilo litatoa rangi hafifu kila siku bila sababu inayoonekana. Ukishalijua unaweza kulikwepa au kuongeza muda. Angalia pia kama mashine yako inahesabu kwa Selsiasi au kwa Farenhaiti, kwa sababu maelekezo mengi huandikwa kwa Farenhaiti: nyuzi 400 za huko ni karibu 204 za Selsiasi.

Kwa kitambaa cha poliesta, anza na nyuzi 200 kwa sekunde 45 hadi 60, kwa mgandamizo wa wastani. Kwa kikombe cha kauri, nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika mbili na nusu hadi nne, kwa kuwa kauri ni nzito na inachukua muda kupata joto. Namba kwenye mashine itashuka mara tu kikombe baridi kinapobanwa, na muda uhesabiwe joto likisharudi. Vipimo hivi ni vya kuanzia tu, na maelekezo ya aliyetengeneza bidhaa yatangulie. Rangi iliyobanwa kwa muda mfupi hubaki imepauka, na karatasi iliyotumika huwa bado imejaa wino. Iliyozidishiwa joto au muda huonyesha nyeusi iliyogeuka kahawia na kingo zilizolainika, na kitambaa cheupe chenyewe huanza kuwa cha manjano au kung'aa mahali mashine ilipogusa. Ukiziona dalili hizo, badilisha kitu kimoja kwa wakati, joto au muda, la sivyo hutajua kipi kilichosaidia.

Kabla ya kubana, tayarisha kitambaa. Poliesta inaonekana kavu lakini hewa ina unyevu, na unyevu huo ukigeuka mvuke chini ya mashine huisukuma rangi pembeni na kuacha mabaka. Ibane fulana tupu kwa sekunde tano hadi kumi na uiache ipoe kidogo. Kisha ipitie yote kwa rola yenye gundi, hata kama inaonekana safi, kwa sababu vinyuzi vidogo vilivyoanguka kutoka nguo nyingine hubeba rangi zao, na joto huziachilia hizo pia. Vile vidoa vya buluu visivyo na maelezo mara nyingi vimetoka huko. Karatasi iliyochapwa nayo iachwe ikauke kabisa.

Baada ya hapo, panga tabaka zako. Weka karatasi safi isiyo na mpako chini ya fulana na nyingine ndani yake, kati ya kifua na mgongo, ili gesi ipitayo isiende kuchora upande wa pili. Ilaze karatasi ya picha kifudifudi na uishike kwa tepu inayohimili joto, ile ya rangi ya kaharabu, pembeni ambako hakuna picha. Juu yake weka karatasi nyingine safi, si shiti ya tefloni inayotumika kila siku, maana tefloni huhifadhi rangi ya kazi iliyopita na kuitoa kwenye kazi inayofuata. Karatasi hizi za kinga zitupwe zikishapata rangi. Bei yake ni ndogo kuliko ya fulana moja iliyochafuliwa na kivuli cha picha ya mteja mwingine.

Muda ukiisha, fungua mashine kwa utulivu na uinue karatasi kwa mwendo mmoja ikiwa bado ya moto. Rangi inaendelea kuwa gesi kwa sekunde chache baada ya mashine kufunguka, na karatasi ikiteleza hata kidogo katika sekunde hizo, picha inapata kivuli pembeni, kana kwamba imechapwa mara mbili. Tepu huzuia hilo. Kivuli kikiendelea kuonekana hata kwa tepu, huenda fulana yenyewe inasinyaa chini ya joto na kuiacha karatasi. Punguza nyuzi chache na uongeze sekunde.

Lipo tatizo jingine linalowasumbua wengi, nalo ni alama ya mstatili inayobaki kwenye kitambaa mahali zilipokuwa kingo za karatasi. Haitokani na wino. Ni nyuzi za poliesta zilizolainika na kulazwa na ukingo mkali wa karatasi chini ya mgandamizo, na zikishapoa hubaki hivyo. Chana kingo za karatasi kwa mkono badala ya kuzikata kwa mkasi, ili ukingo uwe mwembamba usio na mstari mmoja, punguza mgandamizo, na ingiza ndani ya fulana kipande cha sponji kinachohimili joto, kikiwa kidogo kuliko karatasi, ili kingo zibaki zimening'inia bila kubanwa. Sponji hiyohiyo huwasaidia wanaochapa nguo zenye zipu, vifungo au mishono minene, kwa sababu huinua eneo la kuchapa juu ya vikwazo hivyo.

Kikombe kina taratibu zake. Kifutwe kwa spiriti ili mafuta ya vidole yaondoke, karatasi ivutwe ikikaze kabisa bila mkunjo, na tepu ishike kingo zote. Mahali popote ambapo karatasi haikugusa kauri patabaki peupe au patakuwa na ukungu, hasa karibu na mkono wa kikombe ambako mashine haifiki vizuri; ni busara kuuacha mchoro uishie kabla ya hapo. Kikitoka, toa karatasi mara moja kwa glavu, kisha kikombe kiachwe kipoe chenyewe, kwa sababu kukitumbukiza ghafla katika maji baridi kunaweza kukipasua.

Chumba cha kazi kiwe na dirisha lililo wazi au feni inayotoa hewa nje. Moshi hafifu unaoonekana mashine inapofunguliwa ni mvuke, mabaki ya viambato vya wino na kiasi cha rangi yenyewe, na mtu anayebana siku nzima hapaswi kuuvuta. Vyombo vya jikoni vya kupikia visitumike katika kazi hii, wala mashine hizi zisiwekwe jikoni.

Mteja naye aelezwe mambo mawili. La kwanza ni jua: rangi hizi hufifia polepole zikipigwa na jua kila siku, kwa hiyo bango la kukaa nje mwaka mzima lichapwe kwa wino wa aina nyingine. La pili ni pasi: fulana ikipigwa pasi ya moto mkali juu ya picha, rangi inaweza kuwa gesi tena na kuhamia kwenye kitambaa kingine kilichogusana nayo. Pasi iwe ya joto la chini, tena kwa upande wa ndani. Kufua hakuna masharti makubwa.

Kazi ya kwanza kabisa isiwe fulana ya mteja. Nunua mita chache za kitambaa cheupe cha poliesta, chapa jedwali dogo la rangi lenye nyeusi, kijivu kadhaa, rangi za ngozi na rangi zote za wino zikiwa safi, kisha ubane nakala zake kwa nyuzi 190, 195, 200 na 205, kila moja kwa sekunde 45 na kwa sekunde 60. Andika vipimo pembeni mwa kila kipande kwa kalamu isiyofutika, uvifue pamoja na nguo nyingine, kisha uvitundike kwenye ukuta ulio karibu na mashine. Ukibadilisha wino, karatasi au kitambaa, rudia jedwali hilo kabla ya kupokea agizo lolote.